Mwalimu Lavina Hess, Aliyeingoja Meza

Wapendwa mliokusanyika, familia za Eby na Hess zinawashukuru kwa kuziacha kazi zenu na kuja kuketi nasi katika nyumba hii ya ibada ya Kettle Run, na kwa ruhusa ya wazee wa kanisa inasomwa sasa historia ya maisha ya Mwalimu Lavina, ambayo sehemu yake moja aliiagiza mwenyewe akiwa na akili zake timamu, akataka isomwe kama alivyoisema, bila kulainishwa.

Marehemu Lavina Eby Hess alizaliwa tarehe 14 Novemba 1931, katika shamba la wazazi wake, Reuben na Mattie Eby, hapa wilayani Lancaster, jimbo la Pennsylvania, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, wote wakalelewa kwa kukamua ng'ombe, kuvuna tumbaku na kuimba nyimbo za sauti nne kabla hata ya kujua kusoma. Alibatizwa katika kanisa hili tarehe 20 Mei 1945, akavaa kilemba cheupe cha wanawake wa Kimennonite, na hakukivua hadharani mpaka alipofariki, hata katika vyumba vya wasomi walipodhani amekuja kufanya usafi.

Alianza masomo mwaka 1937 katika shule ya chumba kimoja ya barabara ya Kettle Run, akaendelea na sekondari ya kanisa hadi mwaka 1949, kisha akasomea ualimu, akafundisha watoto wadogo kwa miaka mitano, na mwaka 1960 akaomba nafasi ya kusoma falsafa katika chuo kikuu kimoja cha Philadelphia, jambo lililomfanya baba yake aseme kwamba mwanamke mwenye shule nyingi kiasi hicho ataunguza kila mkate atakaoutia ndani ya jiko. Alihitimu shahada ya uzamivu mwaka 1968, na ukweli ni kwamba mikate aliiunguza sana, wajukuu zake waliopo hapa ni mashahidi.

Mwezi Septemba 1969 aliajiriwa na Chuo cha Kanisa cha Mill Hollow, akafundisha falsafa ya Kikristo hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Mei 1998, na somo lake lililojulikana kuliko yote lilihusu uovu, mateso na msamaha. Aliolewa na Clair Hess, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, tarehe 7 Juni 1958, wakajaliwa watoto wawili, Galen, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1962, na Dorcas, aliyezaliwa tarehe 11 Februari 1965, ambaye ndiye mfiwa mkuu leo, kwa kuwa Ndugu Clair alitangulia tarehe 3 Agosti 1989.

Galen alifariki tarehe 19 Julai 1971. Alikuwa ametumwa na mama yake kuchukua barua katika sanduku lililo ng'ambo ya barabara, dada yake akiwa barazani anamwita arudi upesi wakale aiskrimu, na Dorcas alipoingia jikoni kutafuta vijiko ukasikika mshindo, lori la maziwa likawa limemgonga. Dereva alikuwa Elam Nissley, mshirika wa kanisa hili hili, kiongozi wetu wa nyimbo, kijana aliyependwa na kila mtu, naye akawaambia polisi kwamba mtoto alikimbilia barabarani ghafla, wakamwamini, sisi sote tukamwamini, na jambo likaishia hapo bila kufika mahakamani.

Jioni ile ile, kabla mwili wa mtoto haujarudishwa nyumbani, wazee na majirani walifanya lile tulilofundishwa tangu utotoni kwamba ndiyo kazi ya Mkristo, wakaenda nyumbani kwa Elam na mkewe Verna wakiwa na sufuria za chakula, wakalia pamoja nao, wakawaambia kwamba kanisa limesamehe, na familia ya Hess imesamehe pia. Walikwenda kwa upendo, hilo Mwalimu Lavina hakulikana hata siku moja, lakini yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza, alizisikia habari za msamaha wake kutoka kwa jirani aliyekuja kumpongeza huku yeye bado ameshika soksi za mwanawe.

Hakugomba. Alisema tu kwamba Galen hakukimbia, kwa sababu alimfundisha mwenyewe kusimama pale, mgongo kwenye sanduku, mpaka gari lipite, na alimwona akifanya hivyo mara nyingi, hata siku za mvua. Watu walimsikiliza kwa huruma, kama tunavyomsikiliza mfiwa, na wengine wakasemezana pembeni kwamba uchungu wa mama hauna mantiki, bila kukumbuka kwamba mantiki ndiyo ilikuwa kazi yake.

Kila majira ya kuchipua na kila majira ya kupukutika majani, kabla ya meza ya Bwana, sisi hufanya ibada ya maandalizi, na kila mshirika husimama mbele ya askofu na kutamka kwamba ana amani na Mungu, ana amani na watu wote, na anatamani kushiriki. Zamu ya Mwalimu Lavina ilipofika mwezi Oktoba 1971, alisema kwamba na Mungu bado wanazungumza, na watu wote isipokuwa mmoja ana amani nao, kwa hiyo hawezi kushiriki, na Askofu Amos Weaver, aliyempenda kama binti yake, akamsihi kwa upole akisema, "Dada Lavina, wewe tamka tu, moyo utayafuata maneno."

Naye akamjibu, "Askofu, mimi nikitamka nitakuwa nimesema uongo mbele ya meza. Naomba mniache nikae nje ya meza, lakini ndani ya kanisa."

Ikawa hivyo kwa miaka ishirini na sita. Mkate ulipita mbele ya benchi lake, kikombe kikapita, wanawake wakaenda kutawadhana miguu katika chumba cha pembeni, naye akabaki ameketi, mikono mapajani, na Elam alipoanzisha wimbo aliimba sauti ya pili bila kukosea, akimfuata mtu aliyemvunja moyo kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Wengi walimwona mgumu, kulikuwa na waliosema kwamba mwalimu wa msamaha ameshindwa mtihani wake mwenyewe, na maneno hayo yalimfikia na yalimuumiza, familia ingependa leo hii yajulikane kuwa yalimuumiza sana. Hata Clair, ambaye alisamehe wiki ile ile na kulala usingizi wake, hakumlazimisha, alikuwa akimshika mkono mkate ulipopita, basi.

Darasani, mwezi Septemba 1971, aliwaambia wanafunzi kwamba somo la mwaka uliopita lilifundishwa na mtu aliyejua mengi kuliko yeye, akatupa majibu yake ya zamani, ambayo yalieleza vizuri namna kila teso linavyochangia wema mkubwa zaidi. Tangu hapo, mwanafunzi alipomuuliza kwa nini Mungu aliye mwema na mwenye nguvu zote huruhusu uovu, alijibu kwamba hajui, kisha akamuuliza naye kwa nini Kristo alifufuka na makovu yake, wakati aliyeweza kushinda mauti angeshindwaje kuponya viganja. Wanafunzi walileta majibu marefu ya kila aina, na la kwake lilikuwa fupi, kwamba makovu yalibaki kwa sababu yale mambo yalitokea, na Mungu hajengi amani yake kwa kujifanya kwamba hayakutokea. Alifundisha kwamba kusamehe si kusahau, si kusema haikuwa kitu, wala si kuwa mpole, na kwamba kosa lisilotajwa haliwezi kusamehewa, linaweza tu kufunikwa, nalo likifunikwa huendelea kumla asiyehusika.

Aliyekuwa akiliwa ni Dorcas. Alikua akiamini kwamba kaka yake alikimbia kwa sababu yeye alimwita, hakumwambia mtu, aliacha kula aiskrimu akiwa na miaka sita, na mama yake alilijua jambo hilo siku Dorcas alipokaribia kuolewa, alipolitamka huku analia. Mama alimwambia hakukimbia, lakini neno la mama lilikuwa moja, na neno la kanisa zima lilikuwa jingine.

Mwaka 1995 Verna Nissley alipatwa na saratani, na Mwalimu Lavina akawa anampelekea supu ya kuku na mahindi kila Alhamisi, anamlisha, anamchana nywele, anarudi chuoni, wala hakuligusia lile jambo. Siku moja Elam alimzuia mlangoni akamuuliza kwa nini anawaletea chakula wakati hata kwenye meza moja hawawezi kula, naye akajibu, "Kwa sababu Verna ana njaa," akampita akaenda kuchukua bakuli. Elam alikuja kusimulia baadaye kwamba angetukanwa siku ile angepata nafuu, lakini ile supu ilimkosesha raha kuliko mahubiri yote aliyowahi kuyasikia. Verna alifariki tarehe 18 Februari 1997.

Tarehe 12 Aprili 1997, katika ibada ya maandalizi, zamu ya Elam ilipofika alisimama hapa mbele, akafungua kinywa kutamka maneno ya siku zote, yakakataa kutoka, na mtu aliyetuanzishia nyimbo maisha yake yote akakosa sauti, mpaka askofu akamletea maji. Kisha akasema, "Sina amani. Yule mtoto hakukimbia. Alikuwa amesimama pale penye sanduku, ametulia. Mimi ndiye niliyesinzia, lori likamfuata. Nilipowaambia polisi amekimbia niliogopa, na mlipokuja usiku ule mkanisamehe, nikashindwa kurudi nyuma."

Wazee waliobeba zile sufuria wakainamisha vichwa, na Mwalimu Lavina akasimama mahali pake, akasema, "Asante, Elam. Sasa kuna kitu cha kusamehe. Nipe muda, lakini kwanza nenda ukamwambie Dorcas."

Elam alikwenda siku ile ile, akasimama barazani kwa Dorcas, akamwambia kwamba kaka yake hakumfuata yeye wala hakukimbia, na Dorcas, aliyekuwa na miaka thelathini na miwili na watoto wake wawili, aliketi chini kwenye ngazi akalia kama aliyefiwa jana. Mezani mwezi ule Mwalimu Lavina hakushiriki bado, wengine wakashangaa anangoja nini tena, naye akasema kwamba alilingoja neno la Elam kwa miaka mingi, basi Elam naye anaweza kulingoja lake kwa miezi michache. Tarehe 11 Oktoba 1997 alisimama mbele ya askofu akatamka kwamba ana amani na Mungu, ana amani na watu wote, akamtaja Elam Nissley kwa jina na kosa lake kwa jina, akasema amemsamehe, na kesho yake alikula mkate. Waliokuwepo wanakumbuka kwamba wimbo wa kufunga haukuanza vizuri, kwa kuwa mwanzilishi alikuwa analia.

Mwezi Novemba 2012 Mwalimu Lavina alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa hospitalini na baadaye nyumbani kwa Dorcas, na kila Alhamisi Ndugu Elam alimletea supu ya kuku na mahindi aliyoipika mwenyewe, yenye chumvi ya kutisha, naye akaimaliza yote, akamnong'oneza binti yake kwamba msamaha una gharama zake. Alifariki Jumapili tarehe 9 Machi 2014, asubuhi, akiwa na miaka themanini na miwili, ameacha mtoto mmoja, wajukuu watatu na kitukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliokamua ng'ombe wetu na kuijaza meza yetu wiki hii, walimu wenzake na wanafunzi wa Mill Hollow waliosafiri kutoka mbali, na kanisa hili, ambalo lilimkosea kwa kuharakisha wema, kisha likawa na moyo wa kukaa naye mpaka mwisho.

Limebaki lile aliloliagiza. Tarehe 22 Julai 1971, katika nyumba hii, mbele ya jeneza dogo, ilisomwa historia ya Galen, na ndani yake ilisemwa kwamba alifariki baada ya kukimbilia barabarani. Mwalimu Lavina alitaka kwamba siku ya kusomwa historia yake, ile ya mwanawe isahihishwe mahali pale pale iliposomwa, na Ndugu Elam, aliyeketi leo benchi la pili pamoja na familia, alipoulizwa kama ataweza kuvumilia, alijibu kwamba ataweza, na kwamba ikisomwa atasimama.

Galen Clair Hess, mtoto wa Clair na Lavina, kaka yake Dorcas, alifariki tarehe 19 Julai 1971, akiwa na miaka tisa, akiwa amesimama kando ya sanduku la barua, akingoja gari lipite, kama mama yake alivyomfundisha.

Asante, Ndugu Elam. Unaweza kuketi sasa.

Mama Lavina, una amani na Mungu, una amani na watu wote. Pumzika nayo.