Beryl Haxby na Sinia la Mwisho

Baada ya miaka arobaini na mmoja katika kiwanda chetu cha chokoleti cha Kellet na Wana, hapa York, Bi. Beryl Haxby anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Machi. Ofisi imeniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu.

Alianza kwa kufunga masanduku, kisha akahamia Chumba cha Alama, ambako chokoleti ikiwa bado laini huchorwa juu kwa mkono: mawimbi kwa ya tangawizi, kitanzi kwa ya chungwa. Mama yake alipopofuka, aliendelea kuchagua ya tangawizi sandukuni kwa kuipapasa kwa kidole gumba. Sisi tuliofunzwa na Beryl hatusahau alivyotuchungulia begani: “Mpenzi, hicho ni kitanzi au mnyoo?” Na ole wako uache alama ya kidole. Chokoleti hiyo ilitupwa kwenye mfuko wa mbovu, nawe ulisemwa mpaka saa ya chai.

Tangu enzi za mzee Kellet, aliyewajengea wafanyakazi nyumba na kuwanyima baa, anayestaafu kutoka chumba hicho hubuni alama yake mwenyewe. Huichora kwenye sinia moja la mwisho, nasi sote hula.

Wamiliki wapya walikifunga chumba Jumatatu wiki hii. Hawakuweza kumsubiri Beryl hadi Ijumaa! Mashine waliyoileta haichori, na karatasi ya majina ya ladha iliyomo sandukuni, wanasema, inatosha. Zawadi yake imekwisha kufika ofisini: sanduku la chokoleti za mashine, zote vipara. Inaudhi, na sioni sababu ya kuficha.

Basi jana tuliyeyusha chokoleti kwenye jiko la kantini, ili Beryl apate sinia lake la mwisho. Meneja wetu, Bwana Prentice, akaja kutuambia kwamba hairuhusiwi. Beryl hakuinua kichwa.

“Subiri, mpenzi. Yako haijakauka.”

Akasubiri. Beryl alivua glavu, akabonyeza kila chokoleti kwa kidole gumba, katikati kabisa, pale mama yake alipozoea kupapasa. Kosa lile lile alilotufokea miaka yote ndilo alilolifanya alama yake.

Bwana Prentice alikula yake. Chumba bado kimefungwa.

Ahsante, Beryl, kwa mikono yako na kwa ukali wako. Nenda ukapumzike, unywe chai yako bila kengele ya zamu. Hasira tuachie sisi.