Mama Benchi Anatoka, Makochi Yanaingia

Mwalimu aliyewafundisha wanasheria wetu haki za wanyonge kwa miaka thelathini na mmoja anastaafu Ijumaa hii, na yote anayoyajua nilimfundisha mimi. Haya, nimedanganya. Nilimfundisha kuipiga kofi projekta ili iwake, basi. Mimi ni mtunza majengo wa kitivo. Wasomi wote waliombwa waandike wasifu huu wakasema wana shughuli. Shughuli gani, sijui. Nawafagilia ofisi, nawaona. Basi nausema mimi, mwanafunzi mmoja ananiandikia.

Wanafunzi walimwita Mama Benchi. Kabla hajakufungulia kitabu, alikukalisha Alhamisi kutwa nzima kwenye benchi la korido, nje ya chumba chake cha msaada wa sheria, katikati ya watu waliofukuzwa kazi na waliotupiwa vyombo nje na wenye nyumba. Ukishamsikiliza mmoja, unamsimulia kesi yake kwa maneno yake mwenyewe mpaka akubali kwamba ndiyo hiyo. Akikataa, unaanza upya. Watoto wa wakubwa, tai shingoni, walilia kama walioachishwa ziwa.

Namkumbuka mmoja wa suti. Alimmwagia mama mpangaji vifungu vya sheria mpaka povu likamtoka. Mama akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Umesema vizuri sana, baba. Sasa leo nalala wapi na wanangu?"

Kijana akamgeukia mwalimu.

"Usinitazame mimi," mwalimu akamwambia. "Aliyekuuliza ni yeye."

Jioni ile wakaenda wote watatu kwa mwenye nyumba, suti ikibeba godoro, na mama akalala ndani.

Suti hiyo ndiyo mkuu wetu wa kitivo leo. Ijumaa atasoma hotuba ndefu ya kumsifu mwalimu, na Jumatatu anataka chumba cha msaada wa sheria kiwekwe makochi ya wageni waheshimiwa. Watu wanaokuja kila Alhamisi, anasema, watapewa namba ya simu. Simu! Mtu vyombo vyake viko barabarani, aipigie mashine inayomwambia asubiri.

Mwalimu, asante. Nenda ukapumzike, unenepe, ugombane na wajukuu. Lakini kila walipokuhamisha ghorofa, meza yako niliibeba mimi, nawe ukasema, "Mzee, wema huu nitaulipa." Ulipe sasa. Ufunguo wa chumba usimrudishie mkuu, nipe mimi. Alhamisi nitawafungulia wanafunzi wako na watu wao. Mkuu akiutaka, aniandikie barua. Anajua kusoma kwangu ni kwa taabu.