Mkono wa Kushoto wa Bibi Milcah

Bwana Mwenyekiti wa Kamati, Bwana Pasta, Bibi Lornah mgeni wetu wa heshima, Bwana Harbans Singh uliyefunga duka lako la ushonaji mapema ili uwe nasi, wazazi mliotoka Kinoo na kwingineko, nanyi mabinti mnaohitimu leo: nawasalimu.

Nimeagizwa, nikiwa katibu wa kamati, nimuage Bibi Milcah Naliaka, aliyefundisha ushonaji katika ukumbi huu kwa miaka minane. Ratiba inasema niseme maneno matamu kwa dakika tano, kisha apokee zawadi, kisha tunywe chai. Sitaweza kuifuata.

Mwaka jana, 1957, katika mahafali kama haya, mgeni wetu alimkabidhi Bibi Milcah makasi mapya ya darasa. Aliyapokea kwa mkono wa kushoto. Mnakumbuka mlivyoguna? Mimi nakumbuka, kwa kuwa niliguna wa kwanza. Mimi niliyewafundisha wengi wenu kwamba mkubwa hupewa mkono wa kulia, na wa kushoto ukishika kiwiko, nilisimama papa hapa nikamwuliza mbele ya wanafunzi wake: "Mama, ulilelewa wapi?" Aliikaza shali yake begani, akaketi.

Tangu siku hiyo, kila alilofanya tulilitazama kwa jicho lile lile. Hanyanyui pasi ya makaa, tukasema anaringa. Haandiki juu ubaoni. Tukasema ni mvivu. Anavaa mikono mirefu wakati wa jua. Tukasema mengine nisiyoweza kuyarudia mbele ya Pasta. Hatimaye kamati iliamua aachishwe kazi, nami ndiye niliyeiandika barua: "kwa utovu wa adabu na uvivu". Sentensi zake zilikuwa sahihi kabisa. Habari yake ilikuwa ya uongo.

Jumatano iliyopita niliipeleka barua hiyo Hurlingham, ambako mumewe, Bwana Shem, ni mpishi, nao wanakaa katika vyumba vya nyuma. Nilitaka Bibi Milcah aisome na kutia sahihi, kisha nami nitie yangu. Aliishika kalamu kwa mkono wa kulia, ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena.

"Mwalimu, nishikie karatasi," akasema, "inanikimbia."

Bwana Shem aliweka sufuria chini. "Mwonyeshe! Unajificha kama mwizi, nawe ndiwe uliyeibiwa."

Akaukunja mkono wa gauni. Mkono ule ulikuwa umevimba toka begani hadi vidoleni, na ngozi imekazika kama ya ngoma. Pete ya ndoa, ambayo mama huyu aliivaa mkono wa kulia kama alivyovishwa, ilikuwa imekatwa na sonara ili kidole kipate kupumua.

Nilimwomba ruhusa niyaseme haya leo. Alinijibu: "Uutaje ugonjwa kwa jina lake, Mwalimu. Ukisema ugonjwa wa kike, watabuni." Basi nautaja. Miaka miwili iliyopita Bibi Milcah alikuwa na saratani ya titi. Madaktari waliliondoa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani. Sisi tuliambiwa ni tumbo. Aliporudi darasani baada ya miezi mitatu tulipiga makofi, tukadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Daktari alimweleza kwamba maji ya mwili yaliyokuwa yakipitia katika tezi zile sasa hukwama mkononi. Vidole hufa ganzi, bega halipandi. Uvimbe hupunguzwa tu, kwa kuufunga mkono bandeji, kuuinua juu ya mto, kutobeba mizigo, na kujihadhari na kila mchomo, maana tundu dogo la sindano laweza kumletea homa kali. Sindano! Na kazi yake ni ipi?

Nilimwuliza kwa nini hakusema siku ile. Aliushusha mkono wa gauni.

"Uliniuliza nimelelewa wapi, Mwalimu. Hukuniuliza ninaumwa wapi."

Sijasahihishwa hivyo tangu nilipokuwa mwanafunzi. Nilipoinuka kuondoka, aliuvua shingoni ufunguo wa darasa, akaniwekea juu ya barua.

Ni kweli, hawezi tena kukata kitambaa. Je, ndiyo kusema hawezi kufundisha? Jana nilimwuliza Bwana Harbans Singh, akanicheka. "Mwalimu, mimi miaka kumi sijashika makasi. Mafundi wanakata, mimi natazama, napiga kelele. Mimi pia utafukuza?" Watazameni mabinti hawa kumi na mmoja. Magauni waliyovaa wameyakata na kuyashona wenyewe, mwalimu wao akiwa amesimama nyuma yao, mkono ndani ya shali.

Bwana Mwenyekiti, naona umekunja uso. Barua hii hapa. Kwa kanuni zetu haina nguvu bila sahihi mbili, ya anayeachishwa na ya katibu, na yangu haimo. Sitaitia. Mkitaka kumwondoa, tafuteni kwanza katibu mwingine, kisha tafuteni kosa, kwa sababu lile nililoliandika halikuwapo.

Nawashukuru nyote mlionivumilia hadi hapa, hata nyinyi mliokuja kwa ajili ya chai. Chai itangoja kidogo. Bibi Milcah, nilikuaibisha mbele ya watu hawa, na mbele yao nakuomba radhi. Ufunguo wako huu. Njoo uupokee kwa mkono unaokutii, nami nautoa kwa wa kushoto. Anayetaka kuguna, aanze na mimi.