Bi Baada-ya na "Sasa Hivi" Yake ya Kwanza

Bi Baada-ya amestaafu rasmi Jumatano wiki hii, tarehe 31 Januari, baada ya kuitumikia chekechea yetu kwa miaka thelathini na minne. Wasifu wake nilikuwa nimeshaumaliza tangu kabla ya likizo. Mwalimu mkuu aliupitisha, mhasibu akausifu kwa kuwa mfupi, na mimi nikajipongeza. Jumatano hiyo hiyo nikauchana. Huu ninaowasomea nimeuandika upya, mshtuko ukiwa bado haujanitoka, kwa hiyo mkikuta mahali sentensi inayumba, jueni mwandishi naye alikuwa anayumba.

Kwa wageni wetu: hilo si jina alilopewa na wazazi wake, alipewa na wazazi wa wanafunzi wake. Kila mwaka mpya, familia zinapofika na mikoba mipya na watoto waliopakwa mafuta wakang'aa, yeye husimama kwenye ngazi ya darasa lake na aproni yake ya mifuko miwili, akawakaribisha. Hotuba yake haina mapambo. Choo kiko kule, maji ya kunawa yako pale, viatu vinavuliwa hapa, na neno "sasa hivi" linaachwa nje ya lango. Ni marufuku mzazi kumwambia mtoto "narudi sasa hivi", kisha akatokomea mpaka mchana. Amwambie atarudi baada ya nini: baada ya wimbo, baada ya kula, baada ya kulala. Mtoto hajui saa, lakini anajua vizuri sana kwamba kula hutangulia kulala.

Mhasibu wetu alipohamia hapa alisikia vibaya, akawa anamwita Bi Baadaye, akidhani ni mtu wa kuchelewachelewa. Alisahihishwa mbele ya wazazi. Aliambiwa kwamba Baadaye na Sasa Hivi ni ndugu wa tumbo moja, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika kwa wakati.

Sheria hiyo ina chanzo. Katika mwaka wake wa kwanza kazini, mama mmoja mwenye haraka zake alimwambia mwanawe anarudi sasa hivi, na mwalimu kijana, akitafuta amani, akaitikia kwamba ndiyo, mama anarudi sasa hivi. Mtoto akaenda dirishani kumngoja. Hakucheza, hakula, hakukubali kupelekwa msalani, akajilowesha pale pale aliposimama. Mama alifika jioni. Mtoto hakumkimbilia. Kwanza alimfuata mwalimu, akamng'ata mkono. Bi Baada-ya anadai alama ya meno bado ipo, na kila mwalimu mpya huonyeshwa alama hiyo kabla ya kuonyeshwa ofisi. Mimi sijawahi kuiona, lakini nilipoonyeshwa niliitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Alianza kama msaidizi, akiosha vikombe na kukunja mikeka ya kulalia. Masomo ya ualimu aliyachukua jioni, baada ya kazi, akapewa darasa la wadogo kabisa na hakulitoka tena. Mara mbili aliombwa kuwa mwalimu mkuu, mara mbili akakataa, akisema huko ofisini hakuna mtoto wa kumfungia kamba za viatu. Ni yeye aliyepigania wazazi waruhusiwe kuingia darasani asubuhi ya kwanza na kukaa kwenye viti vya watoto, magoti yakiwafika kidevuni. Walimu wengi wa hapa, nikiwemo mimi wa darasa la jirani, tumepikwa naye.

Vituko havikukosekana. Kulikuwa na baba dereva wa lori ambaye kila safari alimtoroka binti yake kwa kunyata. Bi Baada-ya alimsimamisha ngazini, akamtaka aseme ukweli. Jasho likimtoka, baba akamwambia mtoto kwamba atarudi baada ya kulala mara tatu. Binti akawaza kidogo, akauliza kama ataletewa tairi, akaenda zake kucheza. Aliyelia ni baba.

Fundi bomba naye, siku choo cha watoto kilipofurika, alijibu simu kama wanavyojibu mafundi wote, kwamba yuko njiani, anafika sasa hivi. Bi Baada-ya aliomba simu, akamuuliza kwa upole kama anafika kabla ya kulala au baada ya kulala. Fundi akakiri kwamba ni baada ya kulala. Alikuja kesho yake, na kwa mara ya kwanza hatukumnunia.

Mwaka huu ofisi ilimshauri apumzike moja kwa moja tangu shule ilipofungwa, kwa kuwa zilibaki wiki chache tu. Hakusikia. Alitaka kuzipokea familia mara moja ya mwisho, halafu amkabidhi darasa mwalimu mpya taratibu.

Basi asubuhi ya kufungua shule, katikati ya vilio na makamasi, akaingia babu mmoja mshona viatu na mjukuu wake wa kike aliyevaa sweta ya njano, na jua lote lile. Mtoto huyo hakulia. Wenzake walikuwa wanagaragara mchangani, yeye alisimama langoni, na kila mtu mzima aliyetaka kutoka, alimshika nguo.

Babu alitueleza pembeni. Mama wa mtoto, binti yake huyo babu, alimwacha mtoto kwa jirani siku aliyokwenda hospitali, akamwambia anarudi sasa hivi. Hakurudi. Alizikwa mwaka jana, na mtoto hakupelekwa mazikoni. Babu alikuwa bado hajamwambia. Kila siku alijiambia atamwambia baadaye. Sweta ile mtoto alivishwa na mama yake asubuhi hiyo ya mwisho, na tangu hapo haivuliwi isipokuwa Jumamosi, siku ambayo babu huifua na kuianika.

Tulitegemea Bi Baada-ya angemkemea. Hakumkemea. Alimwambia hilo ni lake yeye babu kulisema, asilikawize, basi. Kisha akaanza na lile lililokuwa ndani ya uwezo wake: alimtaka babu amwambie mjukuu kwamba atakuja baada ya kulala. Na babu akawa anakuja baada ya kulala, kila siku, gundi ya viatu ikiwa bado vidoleni. Siku zilivyokwenda mtoto akaacha kushika nguo za watu. Ikabaki sketi moja tu, ya Bi Baada-ya.

Hapo ndipo penye uzito. Huyu ndiye aliyekuwa anaondoka. Mwalimu mkuu alipendekeza atoke kimyakimya watoto wakiwa wamelala, naye akagoma, akasema hajawahi kumtoroka mtoto na hataanzia uzeeni. Jumatano asubuhi aliliaga darasa zima kwa utaratibu. Wengi walitaka kujua tu kama anaviacha viti. Msichana wa sweta alikuwa jikoni kwa mpishi wakati huo, kwa makusudi, kwa sababu Bi Baada-ya alitaka kumwambia peke yake. Aliniambia atamwambia baada ya wimbo. Baada ya wimbo akasema baada ya kula. Baada ya kula akasema baada ya kulala. Nilimwangalia, nikaona aibu kumwambia alichokuwa anakifanya.

Mpwa wake aliyekuja na gari kuchukua mizigo aliwahi. Maboksi yakapakiwa, Bi Baada-ya akatundika mkoba begani, akashuka uwanjani. Na mtoto, aliyeamka kabla ya wenzake, akatoka mbio peku na kuishika sketi.

"Utarudi baada ya nini?"

Aliuliza hivyo, kama alivyofundishwa. Bi Baada-ya aliuweka vizuri mkoba begani.

"Narudi sasa hivi," akasema.

Mpishi alikuwa anasuuza sufuria, ikamponyoka ikaanguka. Mwalimu mkuu alisimama dirishani kwake mdomo wazi. Mimi nikashika nguzo ya bembea. Nimemsikia mwanamke huyu akiwazuia madereva, mapolisi na hata mkaguzi mzima wa elimu wasilitamke neno lile, na sasa lilitoka kinywani mwake, kwa mtoto huyu, kati ya watoto wote. Ulimi hauna mfupa, wamesema, lakini wa kwake tulidhani unao.

Mtoto hakubisha. Aliiachia sketi, akageuka, akaenda moja kwa moja dirishani. Bi Baada-ya akatoka langoni. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Mlango wa gari ulifunguliwa, haukufungwa. Tulimwona anarudi. Alirudi mbio, na wote mnajua magoti yake, mkoba ukimpiga mgongoni, akapita lango, akapanda ngazi, akamfikia mtoto kabla hajaegemea dirisha. Mimi ni mtu mzima, nimeambiwa "sasa hivi" nyingi maishani, na hiyo ndiyo ya kwanza niliyoishuhudia ikifika sasa hivi.

Alipiga magoti. "Nimekudanganya," akamwambia. "Sirudi kufundisha. Leo naondoka."

Mtoto akamwangalia. "Kama mama?"

Babu alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama mlangoni, kwa kuwa watoto walikuwa wanaamka na yeye ni mtu wa kutimiza ahadi. Hakuna aliyemwashiria. Alivua viatu vyake kama sheria inavyotaka, akaingia, akaketi sakafuni karibu na mjukuu wake.

"Mama alikufa, mjukuu wangu," akasema. "Hatarudi. Ilikuwa nikuambie zamani."

Tulikuwa hatujawahi kuisikia sauti ya kilio cha mtoto yule. Tuliisikia Jumatano, na nadhani mtaa mzima uliisikia. Alilia kifuani kwa babu mpaka shati likalowa, wenzake wakaamka, wawili watatu wakalia naye bila kujua wanalilia nini, mwalimu mpya naye akalia. Sina haja ya kutia chumvi. Nililia, mpishi alilia, na mhasibu anasema ilikuwa mafua.

Kilio kilipopungua, mtoto alijifuta kwa mkono wa sweta, akamgeukia Bi Baada-ya, aliyekuwa bado amepiga magoti kwa sababu, kusema kweli, alikuwa ameshindwa kuinuka. Akamuuliza kama na yeye hatarudi kabisa. Bi Baada-ya safari hii hakuharakisha. Alifikiri kwanza, akamjibu kwamba atarudi mara moja, kuja kumuaga vizuri, baada ya babu kufua sweta.

Kwa hiyo, wageni waalikwa, mkijiuliza kwa nini sherehe hii imebaki leo Jumamosi wakati kamati ilishataka kuisogeza mpaka mwisho wa mwezi ujao, ukumbi upatikane, jibu ndilo hilo. Mwalimu mkuu alikataa katakata. Kamati ilipodai sababu, alisema Jumamosi ni siku ya kufua, akafunga kikao. Ndiyo maana tumekaa darasani, kwenye viti hivi, na magoti yetu yako yalipo.

Bi Baada-ya, tunakushukuru kwa watoto uliotulelea, wakiwemo waliokuja hapa na shahada za ualimu. Tunakushukuru kwa kutunyang'anya uongo mdogo tuliouzoea, na kwa kurudi mbio siku ulipokuponyoka wewe mwenyewe. Tunakutakia maisha mema, usingizi wa mchana usiokatizwa na kilio cha mtu, na magoti yenye nafuu. Karibu utuone siku yoyote, ila utume habari kwamba ni baada ya nini.

Na leo, baada ya wimbo, utamwona msichana anaingia na gauni tu, mikono iko nje, pamoja na babu yake. Usishtuke, sisi tumeshashtuka kwa niaba yako. Sweta imefuliwa asubuhi, iko kwenye kamba.