Asipewe Kipaza Sauti

Zimeni hiyo redio kwanza. Zimeni kabisa, msipunguze, maana mimi nikisikia muziki kwa mbali siwezi kufuata maneno, hata yangu mwenyewe. Haya. Wewe kifungua mimba wangu, kaa hapa miguuni kwangu, na wewe kitinda mimba, niinulie mto nisije nikaongea kama mtu anayezama. Pumzi niliyobaki nayo ni haba na sitaki kurudia jambo, kwa hiyo mwenye swali alimeze mpaka nimalize.

Mjini wananiita Vidole, na wengi hawajui kama nina jina jingine. Maisha yangu yote nimekuwa mpiga kinanda wa kuitwa: bendi ikipungukiwa na mtu wake, simu inalia asubuhi, na jioni niko jukwaani nyuma ya mgongo wa mwimbaji nisiyemjua, napiga nyimbo nilizozisikilizia ndani ya gari tukiwa njiani. Nilipochoka kubeba kinanda begani kama jeneza la mtoto, nikakigeuza chumba cha uani kuwa studio, magodoro ya zamani ukutani, zulia mlangoni, na ile feni ambayo ilikuwa lazima izimwe kila mtu alipofungua mdomo, kwa sababu ilikuwa inalia kuliko waimbaji. Humo wameingia wanakwaya, wameingia wagombea wanaotaka wimbo wa kampeni, ameingia na yule tajiri wa mabati aliyejiona ana sauti, nikamnyoosha kwenye kompyuta mpaka mkewe hakumtambua. Sikuwa na kampuni mgongoni wala bosi kichwani. Mlikula, mkasoma, na mimi sikumpigia mtu magoti.

Kinachonikaba ni kingine, na nyinyi mnakijua nusunusu, kwa kuwa mama yenu hakutaka kitajwe ndani ya nyumba hii.

Mama yenu, mnajua, alikuwa fundi cherehani. Alikuwa akishona barazani na kuimba pale pale, si kwa ajili ya mtu, na nyimbo zake zilikuwa za kutunga mwenyewe, zinazaliwa na gauni na kuishia na gauni. Mmoja haukuisha. Alikuwa na mimba yako wewe kitinda mimba, na kila siku anauongezea ubeti, anamwambia huyo ambaye hajazaliwa mambo ya dunia atakayoikuta. Nikamwomba aje studio. Alicheka, akasema, "Mimi? Utaharibu kazi yako bure." Lakini akaja, na tumbo lake, akaimba amesimama huku mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu kama vile cherehani iko chini yake, na mwendo wa ule wimbo mpaka leo ni mwendo wa mguu wa mama yenu. Mimi nikamwekea kinanda kidogo tu, pembeni, nisimzibe. Nimepiga kazi nyingi, wanangu. Sijapiga nyingine nzuri kama ile.

Baba yenu mdogo akausikia. Mnajua huyo nilimlea mwenyewe tangu tulipobaki wawili. Nilimfundisha kushika sauti kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Alikuwa na sauti, siwezi kumnyima hilo hata leo. Alichokosa ni wimbo. Akakaa pale kwenye kiti cha studio, akauomba upigwe tena, na tena, kisha akasema, "Kaka, huu nipe mimi. Huu ndio utakaonitoa."

"Si wangu. Muombe shemeji yako."

Akaenda barazani akamwomba. Mama yenu akamjibu vizuri, bila kuinua macho kwenye pindo: "Ngoja nijifungue, shemeji. Tutauimba wote wawili."

Hakungoja. Bendi moja ilinichukua safari ya kupiga muziki miji ya mbali, na mimi nikiwa huko, yeye akaja nyumbani asubuhi akamwambia mama yenu, "Kaka ameniagiza nichukue ule wimbo wa shemeji, tumeshaelewana." Mama yenu akamfungulia studio. Angefanyaje? Ni ndugu wa mumewe, na amemtaja mumewe.

Narudi, nawakuta watu wanauimba kituo cha basi. Kauli za mwanamke anayezungumza na mtoto tumboni, anaziimba mwanaume, amezigeuza kuwa maneno ya mapenzi. Na sauti ya mama yenu ameiacha mwishoni tu, ule mguno wake, bila jina, kama mlio wa mlango. Kinanda changu kipo chote. Nikafika hapa barazani na begi bado liko begani. Mama yenu hakunipokea begi. Aliniuliza neno moja tu:

"Umemuuzia?"

Nikaapa. Niliapa kwa kila kitu mtu anachoweza kuapia. Akasema, "Sawa," akarudi kwenye cherehani. Na tangu siku ile cherehani ikawa inalia peke yake. Wewe kitinda mimba umekua ndani ya nyumba ambayo mama haimbi, ukadhani ndivyo alivyo. Sivyo alivyokuwa.

Nilimfuata yule mtu. Nilimwambia sitaki gari lake alilolipata kwa wimbo ule, sitaki jina langu kwenye bango, njoo tu umwambie mke wangu kwamba ulisema uongo, umwambie mimi sikukutuma. Akanishika bega, wanangu, kama mimi ndiye mdogo. "Kaka, nikikiri hilo wataniita mwizi. Acha yapite." Kisha akahojiwa redioni, akaulizwa kile kinanda kapiga nani, akajibu, "Kuna fundi mmoja hivi." Mimi. Fundi mmoja hivi.

Mama yenu alipougua nilimuuliza kama aliniamini. Akanipapasa mkono, akaomba maji. Amekwenda, na mimi nakwenda, na jibu sina.

Juzi mlimruhusu baba yenu mdogo aje, nilimsikia mkimkaribisha. Alikuja na kijana wa kamera, anataka watu waone ndugu wamepatana. Nikamwambia atoe kamera nje, kisha awaite nyinyi hapa aseme mbele yenu alichomwambia mama yenu. Akatazama saa yake. "Kaka, wewe mgonjwa, tusichokoze ya zamani." Akaondoka, akaacha matunda. Yale matunda wapeni majirani.

Sasa shikeni. Kinanda ni chako wewe kifungua mimba. Najua unapiga kwenye bendi ya baba yako mdogo, na sikwambii uache kazi, una watoto. Nakwambia tu ukisikia anasema fundi mmoja hivi, simama uondoke hata kama wimbo uko katikati. Chumba cha uani ni cha dada yako, na funguo asimpe mtu anayesema fulani kanituma. Wimbo wa mama yenu, ule wenyewe alioimba yeye, ni wenu wote wawili. Mkiutoa, jina la juu liwe lake. Langu liwekeni chini, pale wanapoandikwa wapiga vyombo. Hapo ndipo pangu na panatosha.

Siku ya kunizika atakuja. Ni baba yenu mdogo, mpeni kiti, mpeni chakula, akitaka kubeba mwili abebe, damu haifutiki. Lakini asiimbe. Akisogea mbele akakohoa kidogo, kama anavyofanya, asipewe kipaza sauti. Sijamsamehe. Nimejaribu, msidhani sijajaribu... Nyinyi msirithi hilo. Chuki hii ni yangu, nitaondoka nayo.

Ngojeni... nivute pumzi.

Mungu awape mikono isiyochoka. Awape watu watakaosema, huyu ndiye aliyefanya, nyinyi mkiwa bado mnasikia. Msigombane. Usimwinulie dada yako sauti, wewe... Na wewe, imba. Ukiwa unafagia, ukiwa unapika, imba tu, usingoje kuitwa...

Mto umeteremka. Hapana, uacheni. Nigeuzeni... si ukutani. Huku. Niwaone.