Glovu Alizovua Lois

Lois Buya Hiribae alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 kijijini Hewani, mtoto wa tatu wa mkulima wa mpunga na ndizi. Alisoma shule ya msingi papo hapo, akamaliza sekondari Hola mwaka 1989, kisha akasomea uuguzi Mombasa.

Mwaka 1996 aliolewa na Josiah Hiribae wa Wenje. Siku ya harusi alikatiza nyimbo akawaamuru wapishi wanawe mikono kwa sabuni. Wamo humu mazishini leo walionawa kwa kununa.

Alihudumu katika zahanati moja karibu na Minjila tangu 1997. Kwa habari ya glovu hakuwa na mzaha. Mwanafunzi wake wa uuguzi, Asmaa, alipozalisha kwa mikono mitupu, Lois alimrudisha nyumbani wiki nzima.

Mei 2013 Lois alikuwa likizoni Wenje. Mto ulifurika, barabara ikakatika, na jamaa mmoja mjamzito akashikwa na uchungu wa kuzaa. Lois alivaa glovu. Wifi yake Alice, aliyekuwa amemshikilia mzazi, akamuuliza, “Wifi, hata sisi unatuonea kinyaa?”

Lois akazivua. Kidoleni alikuwa na jeraha bichi la kisu. Mtoto alizaliwa salama, na damu ya uzazi ikaingia kwenye jeraha lile.

Maji yalipopungua alipaswa kuripoti kazini, apimwe, atibiwe mapema na amalize chanjo ya homa ya ini, aliyokuwa amechomwa mara moja tu. Hakwenda. Angemtazama Asmaa kwa macho gani? Aibu ilimziba mdomo karibu miaka kumi na miwili, huku ini likiharibika. Macho yalipogeuka manjano aliwaambia watu wa nyumbani kwamba ni malaria, na uongo huo ulimuumiza kuliko ugonjwa.

Ratiba hii ya mazishi ilikuwa iandike kwamba aliugua kwa muda mfupi. Lois alikataa. Wiki yake ya mwisho aliwaita Josiah na Alice, akawasimulia yote huku amefunika uso kwa leso. Kisha akasema, “Someni hivyo hivyo mbele ya watu. Na mkiniosha, vaeni glovu. Sitasema mmenionea kinyaa.” Alice alilia.

Alifariki tarehe 3 Machi 2025, nyumbani Wenje.

Ameacha mume wake Josiah na watoto wawili, Zakaria na Esta, ambao wote wamepimwa na kuchanjwa. Ameacha pia wifi yake Alice, ambaye asubuhi ya leo aligawa glovu kwa kila aliyemwosha, kisha akavaa zake.

Mungu amlaze Lois wetu kwa amani.