Ziwa Lililosafishwa kwa Reki

Tangu lile bango jekundu lisimikwe ufukweni, MARUFUKU KUOGA, MAJI YANA SUMU, watu waliacha kuja ziwani, na Boya, mkodishaji wa maboya ya kuogelea, akahamia mazima kwenye benchi la kahawa la Shangazi. Wiki mbili sasa. Jamani, hata mkewe ameshaanza kumpa vitunguu amenye. Leo dada mpimaji anakuja na chupa zake, na akikuta maji mabaya tena, msimu ndio umekwenda hivyo. Basi alfajiri Boya na mwenzake wa benchini, Fundi Redio, walishika reki, wakauvuta utando wote wa kijani uliofunika maji, wakaurundika nyuma ya kibanda cha maboya.

— Ona maji yalivyo meupe pee! Boya akajisifu.

— Sumu haina rangi, nyie, Shangazi akasema huku akimimina kahawa. Dada alishatwambia ni mwani. Mbolea inatiririka kutoka mashambani, jua linawaka, mwani unazaana na kuacha sumu majini.

— Mwani wapi! Fundi Redio akadakia. Ziwa limezeeka hili, linaota mvi. Mvi za maji ni kijani.

— Juzi ulisema ni rangi ya kiwandani.

— Juzi nilikuwa sijafanya utafiti. Sikilizeni: anayemwaga ni huyohuyo dada. Sumu ikiisha atapima nini? Wahenga walisema, mganga hajigangi!

— Wahenga wamekukosea nini wewe? Na yule mbwa aliyekunywa akafa?

— Mbwa yule alikuwa na mawazo mengi.

Boya alicheka mpaka kahawa ikampalia. Lakini habari ya yule mbwa haikuwa imemtoka moyoni tangu Jumatatu, na hakutaka kuulizwa.

Mara dada mpimaji akatokea na buti zake za mpira. Akayatazama maji, akashika kiuno.

— Makubwa! Yamesafika lini haya?

— Mungu si Athumani, Boya akajibu upesi.

Dada akajaza chupa, akazifunga.

— Majibu kesho kutwa.

— Kesho kutwa ya nini, dada yangu? Kwani macho huna? Maji salama haya! Hata mtoto mchanga unamwogesha!

— Maji ukiyavulia nguo, shurti uyaoge! Fundi Redio akapigilia msumari.

Nyuma yao viatu vya shule vikaanguka, kimoja, kingine. Binti yake Boya, wa darasa la pili, alikuwa ameshavua na soksi.

— Baba, kumbe salama? Niingie?

Fundi Redio akachungulia ndani ya kikombe chake kitupu. Shangazi akamkazia macho Boya, wala hakumsaidia.

— Kamuulize mama yako.

— Mama ndiye kasema nikuulize wewe.

Boya akamshika mwanawe mkono, akamshika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

— Dada, akaita. Hebu njoo huku nyuma ya kibanda.